Maua Juu ya Chombo cha Udongo

Mchungaji anayewatembelea washarika wake majumbani huvijua vyombo vyao mapema. Kwetu Njombe baridi haimpi mgeni nafasi ya kukataa chai. Ukishasalimiwa "kamwene" na kuketi, utasikia funguo zikitafutwa. Kabati la sebuleni linafunguliwa, kinatolewa kikombe chenye maua, kinasuuzwa vumbi, nawe unamiminiwa chai. Wenyeji wako wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki au vya bati. Desturi ni hiyo hiyo kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi.

Mara nyingi katika sebule hiyo hiyo kuna chombo kingine chenye mapambo. Hicho kinakaa sakafuni, kwenye kona au karibu na mlango. Ni chungu cha Wakisi, chekundu, chenye michoro myeupe shingoni na tumboni, na ndani yake yamechomekwa maua ya plastiki. Hakifungiwi kwa ufunguo. Watoto hukipita mbio, na paka hulala nyuma yake.

Kiswahili chetu kimevipa vyombo hivi viwili jina moja. Kikombe kilichotoka kiwandani China, chenye mawaridi na ukingo wa rangi ya dhahabu, tunakiita kikombe cha udongo ili kukitofautisha na cha bati. Chungu nacho ni cha udongo. Kwa hiyo Mtume Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba hazina ya Injili tumeibeba katika vyombo vya udongo (2 Wakorintho 4:7), msikilizaji wa Makambako anaweza kufikiria kile cha kabatini au kile cha pale mlangoni, na vyote viwili vitafaa.

Andiko hilo huhubiriwa mara nyingi, na kwa kawaida tunazungumzia udhaifu wa chombo na ukuu wa hazina. Mimi nataka kuzungumzia ua. Kwa nini mtu anapamba chombo ambacho kingefanya kazi yake vilevile bila pambo? Na sisi tunaomwamini Muumba wa mbingu na nchi tuseme nini juu ya pambo hilo?

Wakisi wanaishi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, upande wa Ludewa katika mkoa wetu wa Njombe na upande wa Kyela katika Mkoa wa Mbeya. Huko milima imeshuka hadi karibu na maji, na ardhi ya kulima ni finyu. Kwa vizazi vingi wanaume wamevua samaki na wanawake wamefinyanga. Vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambalo hukusanyika siku ya Jumamosi. Wachuuzi huvinunua hapo na kuvisafirisha mbali. Makambako ni njia panda, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana na barabara ya Njombe na Songea, na treni za TAZARA nazo zina stesheni hapo. Si ajabu basi kukuta vyungu vya ziwani vimepangwa juu ya nyasi kando ya barabara, katikati ya magunia ya viazi na ndoo za parachichi.

Mama mmoja anayeviuza, ambaye mwenyewe alilelewa katika ufinyanzi, alinieleza kazi ilivyo. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe, hutwangwa na kukandwa mpaka ushikamane. Chombo hujengwa kwa mikono, bila gurudumu la mguu kama lile ambalo wengi wetu tumeliona katika picha za Yeremia kwenye nyumba ya mfinyanzi. Hulainishwa, huachwa kivulini kikauke polepole, kisha husuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae. Huchomwa mahali pa wazi, kwa kuni na nyasi. Wekundu wake unatokana na udongo, na michoro myeupe pia ni udongo wa aina nyingine. Michoro ya zamani ni mistari, pembe na nukta. Siku hizi, kwa kuwa vingi vinakwenda sebuleni, wako wanaochora majani na maua, na wachuuzi wengine huongeza rangi ya dukani.

Nikamuuliza, "Mama, chungu kisichochorwa kinapika vibaya?"

Akacheka. "Kinapika vilevile, Baba Mchungaji. Cha nyumbani kwangu sijakichora. Lakini hiki kinakwenda kwa mtu."

Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Ua limewekwa kwa ajili ya mtu. Mfinyanzi hamjui atakayenunua, wala hatakiona tena chungu chake kikishapanda lori, lakini ametumia muda wake kumheshimu. Yule mwenyeji anayetafuta funguo za kabati anafanya jambo lile lile: anataka mgeni wake anywe mahali penye ua.

Sina budi kusema kwamba katika Kanisa letu wapo wasiokifurahia chungu, na sababu zao ni za kweli. Wakati mmoja, kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, akina mama wa usharika mmoja walinunua chungu kikubwa cha Wakisi, kimechorwa majani meupe kuzunguka shingo, wakakiweka karibu na madhabahu kikiwa na maua mabichi. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa, aliomba kikao cha baraza la wazee. Akasema, "Mchungaji, mimi nimekua nikiona chungu kikitumika kwa mambo mawili. Pombe, na tambiko. Chungu cha babu kilikaa pembeni mwa nyumba. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Mtu akiugua, kwanza kinatazamwa chungu. Babu yangu alipobatizwa alikiacha, na ndugu zake wakamwambia atakufa. Leo mnakileta mbele ya madhabahu?"

Hakuna aliyecheka. Katika nchi yetu ya milimani kila mmoja anajua vyungu vya pombe, na kila mmoja anajua ulanzi, ule utomvu wa mianzi unaogeuka kuwa kileo, ulivyoharibu nyumba nyingi. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamepanda hadi nchi ya Wabena na kuanzisha kituo cha Kidugala. Kwa Wakristo wa kwanza kuacha tambiko lilikuwa jambo la kufa na kupona, kwa maana waliamini kweli kwamba wanaweza kufa. Mzee yule alikuwa analinda uhuru ambao babu yake aliulipia kwa hofu na kwa kutengwa na ndugu.

Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Baba, hata sufuria hupikiwa pombe." Mzee akakubali. Akafikiri, kisha akatoa sharti ambalo limekaa moyoni mwangu tangu siku hiyo. Akasema, "Kibaki. Lakini kisifunikwe kitambaa, na kisiwe na mtu mmoja wa kukishika. Watoto wa shule ya Jumapili ndio wakioshe. Chombo ambacho mtoto anaruhusiwa kukiosha hakiwezi kuwa mungu."

Baraza likakubali, na ikawa hivyo.

Maandiko nayo hayaoni haya kuweka maua juu ya vyombo vya nyumba ya Bwana. Katika Kutoka 25 kinara cha taa kinaagizwa kiwe na vikombe vilivyofanywa kwa mfano wa maua ya mlozi. Katika 1 Wafalme 7 tunasoma habari za ile bahari ya shaba aliyoitengeneza Hiramu kwa ajili ya hekalu la Sulemani. Lilikuwa birika kubwa ajabu, dhiraa 10 kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari wa 26 unaeleza kwamba ukingo wake ulikuwa umefanywa kama wa kikombe, kwa mfano wa ua la yungiyungi. Ni kikombe cha maua, ila kikubwa. Na 2 Nyakati 4:6 inatuambia kazi yake: makuhani waoge humo. Chombo chenye ua kubwa kuliko yote katika nyumba ya Mungu hakikufungiwa kabatini. Watu wenye vumbi la kazi na damu ya sadaka walikiendea kila siku ili watakaswe.

Birika lile halikudumu. Wakaldayo walipoingia Yerusalemu waliivunja bahari ya shaba vipande vipande, wakaichukua shaba yake kwenda Babeli (2 Wafalme 25:13). Watekaji hawakutaka birika la kuogea wala ua. Walitaka shaba.

Lakini katika vita hiyo hiyo, mji ukiwa umezingirwa, Yeremia alinunua shamba huko Anathothi. Hati ya ununuzi ilitiwa muhuri mbele ya mashahidi, naye akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi (Yeremia 32:14). Ile shaba ikaenda utumwani, na hati ikabaki kwenye udongo. Nasi watu wa siku hizi tunajua kwamba udongo unaweza kutunza karatasi. Vitabu vya kale vya Maandiko vilivyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vya kwanza vilikutwa ndani ya mitungi ya udongo baada ya miaka inayokaribia 2000. Miongoni mwavyo kilikuwamo kitabu cha nabii Isaya.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mjane mmoja wa Makambako. Sitataja jina lake wala mtaa wake, lakini ameniruhusu nisimulie habari yake.

Yeye na mume wake walinunua kiwanja wakiwa bado vijana, wakajenga chumba kwa chumba. Kwa fedha za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa alinunua pia kabati la vioo na vyombo vya maua, kidogo kidogo: vikombe 12 na visahani vyake, birika, na mabakuli. Mume alipofariki, matanga yalipokwisha, ndugu wa mume walikuja na gari. Walibeba televisheni, makochi, godoro na kabati pamoja na vyombo vyake. Waliuliza karatasi za kiwanja ziko wapi. Walitazama kwenye sanduku, wakainua godoro kabla ya kulibeba. Mama akawajibu kwamba ziko salama, akanyamaza.

Zilikuwa ndani ya chungu cha Wakisi pale mlangoni, chini ya maua ya plastiki, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna aliyekigusa. Mmoja wao alisema chungu kitapasukia njiani.

Wiki chache baadaye kilikaa kikao cha familia zote mbili, na mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Mama akatoa karatasi. Makubaliano ya ununuzi yalikuwa na majina mawili, la mume na la mke, na sahihi za mashahidi. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nchi yetu inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini haki iliyo kwenye kitabu cha sheria inahitaji karatasi mezani. Baba mdogo wa marehemu aliisoma, akaisoma tena, akaufunga mjadala. Mama na watoto wakabaki na nyumba yao. Kabati halikurudi, wala vikombe.

Nilipokwenda kumwona, alinipa chai kwenye kikombe cha plastiki, akaniomba radhi kwa hilo. Nikamwambia chai ni chai. Ndipo akasema, "Mchungaji, unajua jambo linaloniuma? Vikombe vile 12, mimi mwenyewe sikuwahi kunywea hata siku moja. Wala mume wangu. Hata alipokuwa mgonjwa nilimpa uji kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa naviweka kwa wageni. Wageni wenyewe ndio hao waliovibeba."

Katika Katekisimu Kubwa Martin Luther anaieleza amri ya kwanza kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa Kipaimara anaweza kuielewa: kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukiegemea, hicho ndicho mungu wako. Kwa kipimo hicho mzee wetu wa baraza na mama wa Makambako wanazungumzia jambo moja. Mzee anakumbuka chombo kilichokaa pembeni mwa nyumba, kisichoguswa na watoto, kilichowafanya watu watembee kwa tahadhari. Je, kabati letu la vioo linatofautianaje nacho? Nalo lina mahali pake pa heshima. Nalo lina ufunguo unaoshikwa na mtu mmoja. Mtoto akivunja kikombe humo anachapwa kuliko akisema uongo. Tumeiacha pembe ya tambiko, na wengine tumejenga nyingine yenye vioo.

Simlaumu mama yule hata kidogo. Alijinyima kwa ajili ya heshima ya wageni, na ukarimu ni tunda la imani. Lawama ninaiweka kwa waliokuja na gari, ambao walivithamini vikombe kuliko mtu aliyevinunua. Walikuwa wabatizwa kama sisi, na nyumba kama hizo zimo katika sharika zetu. Mfinyanzi wa Kikisi anachora kwa sababu chungu kinakwenda kwa mtu. Wakaldayo walivunja birika lenye ukingo wa ua kwa sababu walihitaji shaba. Ndugu wa marehemu anapombomolea mjane sebule, yuko upande wa Wakaldayo hata kama anaimba kwaya.

Muhuri wa Luther mwenyewe una ua. Aliueleza katika barua ya mwaka 1530: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, na moyo huo umewekwa juu ya waridi jeupe. Alisema waridi linaonyesha kwamba imani inaleta furaha, faraja na amani. Washarika wengi wameuona muhuri huo kwenye vitabu na vitenge vyetu, na naomba watazame mpangilio wake. Katikati ya waridi kuna moyo wa mtu, na ndani ya moyo kuna Bwana aliyesulubiwa. Ua linaushika moyo kama mkono unavyoshika kitu cha thamani.

Hivyo ndivyo ninavyoyaelewa maneno ya Bwana Yesu kuhusu maua ya kondeni katika Mathayo 6. Anasema Mungu anayavika majani uzuri unaozidi wa Sulemani, nayo kesho yanatupwa motoni. Wafinyanzi wa ziwani wanajua habari za majani yanayotupwa motoni, kwa kuwa ndiyo wanayochomea vyungu. Bwana hatuelekezi kwenye uzuri wa majani ili tuyatunze majani. Anatuuliza, ikiwa Mungu amelipamba hata jani, je, ninyi hatawatunza zaidi? Pambo ni neno la Mungu la heshima kwa mtu, na lengo lake ni wewe na jirani yako.

Akina mama wa Umoja wa Wanawake walipopata habari za mjane yule, walikwenda kumtembelea, na kila mmoja alibeba kikombe kimoja kutoka kwenye kabati lake. Havikulingana. Kimoja kilikuwa na mawaridi, kingine na alizeti, kingine kilipasuka ukingoni njiani. Walimwekea sharti kwamba chai ya siku hiyo anywe yeye kwanza, na watoto wake wapili, ndipo wageni. Akanywa.

Chungu cha kanisani nacho kilifikia mwisho wake. Mtoto wa shule ya Jumapili alikuwa anakiosha, kikamteleza, kikavunjika mbele ya madhabahu. Mtoto alilia. Mzee wa baraza, yule yule, aliinama akaokota vigae pamoja naye, akamwambia asilie, kwa kuwa hakuna kitakachompata. Kwetu sisi tulilisikia kama neno la kumtuliza mtoto. Nadhani yeye alikuwa anamwambia pia babu yake. Jumapili iliyofuata akina mama walileta kingine.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, nakuomba mambo mawili ambayo unaweza kuyafanya wiki hii. Kama wewe na mwenzi wako mna kiwanja au shamba, hakikisheni karatasi ina majina yenu wote wawili, na muiweke mahali ambapo atakayebaki ataipata. Kisha fungua kabati. Toa vikombe vya maua, mpe mama mkwe, mpe msichana anayekusaidia kazi, mpe mgonjwa uji, nawe unywe. Kikivunjika, ni udongo.